Mbeya Haikuhama

Mwaka 1932, barua ya ndege iliyotoka London kwenda Cape Town ilipita Mbeya. Miaka mitano baadaye haikupita tena. Katika miaka hiyo mitano Mbeya haikuhama. Mlima Loleza ulikuwa palepale, dhahabu ya Lupa ilikuwa bado inachimbwa kule Chunya, na uwanja wa ndege ulikuwa haujazama wala haujachomwa moto. Kilichobadilika ni ndege.

Tumezoea kusimulia historia ya miji yetu kwa reli na barabara. Tunasema Tabora ilikua kwa misafara, Dodoma kwa reli ya kati, Makambako kwa njia panda. Ndege tunaziweka pembeni, kana kwamba chombo kinachopita angani hakiachi alama ardhini. Lakini ukifuatilia aina za ndege zilizotua Nyanda za Juu Kusini tangu miaka ya 1930, utaona jambo moja likijirudia: kila shirika linapobadilisha ndege, linabadilisha pia ramani. Miji mingine inaingia, mingine inatoka, na mara nyingi uamuzi wenyewe umefanyika mbali sana, katika chumba ambacho hakuna hata mmoja aliyewahi kukanyaga Mbeya au Iringa.

Tuanze mwanzo. Mwishoni mwa 1925 rubani Mwingereza Alan Cobham aliondoka London kwa ndege ndogo ya de Havilland kwenda Cape Town, akitafuta njia ambayo siku moja ingeweza kubeba barua na abiria. Katika ardhi ya Tanganyika alipitia Tabora, kisha akavuka kwenda Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia. Mbeya hakuipita, na hakukuwa na sababu ya kuipita. Mji wenyewe ulikuwa bado haujawa mji. Ni dhahabu ya Lupa, mwishoni mwa miaka ya 1920 na mwanzoni mwa 1930, iliyoleta maduka, ofisi za serikali na watu wenye haraka ya kupokea barua.

Shirika la Imperial Airways lilifungua huduma yake ya Afrika tarehe 28 Februari 1931, na mwisho wa safari ulikuwa Mwanza. Januari 1932 barua zikaanza kufika hadi Cape Town, na Aprili mwaka huohuo abiria nao wakaruhusiwa. Njia mpya iliachana na ile ya Cobham. Kutoka Kisumu ndege ilikwenda Nairobi, Moshi, Dodoma, Mbeya, kisha Mpika na Broken Hill, ambayo leo ni Kabwe, na kuendelea kusini. Safari nzima ya London hadi Cape Town ilichukua siku zipatazo kumi na moja. Msafiri alibadilisha ndege zaidi ya mara moja, na vipande vingine huko Ulaya na Misri alivimaliza kwa treni.

Kwa nini Mbeya? Jibu liko katika tangi la mafuta. Ndege iliyotumika kusini mwa Nairobi ilikuwa de Havilland Hercules, yenye injini tatu na mabawa ya ghorofa, moja juu na jingine chini. Ilikwenda kilometa 177 hivi kwa saa, ikibeba abiria saba na mifuko ya barua. Kutoka Dodoma hadi Mpika kwa mstari ulionyooka ni zaidi ya kilometa 750. Hercules ingeweza kujaribu, lakini upepo wa mbele ukizidi kidogo, au rubani akipotea katika mawingu ya Uporoto, mafuta yangeisha porini. Mbeya ilikuwa karibu katikati. Basi uchaguzi wa kituo haukuwa heshima kwa mji. Ulikuwa hesabu ya mafuta.

Iringa haikuwamo katika orodha ya vituo vikuu kwa hesabu ileile. Ulikuwa mji wenye umri mkubwa zaidi ya Mbeya, wenye historia ya Mkwawa na boma la Wajerumani, lakini ulikuwa karibu mno na Dodoma. Kati ya Dodoma na Mbeya ndege haikuhitaji kutua. Umri wa mji na historia yake havikuingia katika hesabu hata kidogo.

Hercules haikutengenezwa kwa ajili ya Nyanda za Juu. Iliundwa kwa ajili ya njia ya jangwani, kati ya Cairo na Basra, ambako ardhi ni tambarare na iko chini. Kiwanja cha Mbeya kilikuwa kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi. Katika mwinuko huo hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Dar es Salaam, na jua la mchana linaifanya iwe nyepesi zaidi. Hewa nyepesi inaiadhibu ndege mara tatu kwa mpigo. Injini inavuta hewa kidogo, hivyo nguvu inapungua. Pangaboi linapata kidogo cha kusukuma. Bawa nalo linapata kidogo cha kuegemea. Matokeo yake ndege inahitaji uwanja mrefu zaidi ili ipae, au ipunguze mzigo. Ndiyo maana tangu zamani marubani wa nyanda za juu wanapenda kuondoka asubuhi, kabla jua halijapanda.

Imperial Airways walilijua tatizo hilo, na safari hii waliagiza ndege ambayo imefikiriwa kwa ajili ya njia yenyewe. Walitaka injini nne, ili moja ikizimika ndege iendelee kuruka badala ya kutua msituni. Walitaka pia iweze kusafiri vizuri kwenye mwinuko wa mita 2,700 hivi. Kampuni ya Armstrong Whitworth ikatengeneza Atalanta. Ilikuwa na bawa moja tu, lililokaa juu ya mwili wa ndege, na injini nne zilizopangwa mbele yake. Zilijengwa nane, zote zikapewa majina yanayoanza na herufi A: Amalthea, Aurora, Artemis na mengineyo. Mwanzoni mwa 1933 Amalthea iliruka hadi Cape Town kwa majaribio, na baada ya hapo Atalanta zikachukua kipande cha Kisumu hadi Cape Town kutoka kwa Hercules.

Hapa inafaa tusimame kidogo. Kwa miaka michache ya katikati ya 1930, Mbeya ilihudumiwa na ndege kubwa ya abiria iliyobuniwa kwa kufikiria viwanja vya juu na vya joto kama chake. Ni bahati ambayo miji michache ya ukubwa wake iliipata popote duniani. Atalanta ilikuwa na nafasi ya kukalisha abiria 17, lakini kwenye njia ya Afrika walikaa wachache kuliko hao. Uzito uliobaki ulikuwa wa barua na mafuta. Hata ndege iliyobuniwa kwa ajili ya mwinuko haikuweza kuufuta mwinuko. Iliweza tu kulipa gharama yake kwa njia nzuri zaidi.

Tusisahau pia huduma hii ilikuwa ya nani. Abiria walikuwa maofisa wa serikali ya kikoloni, wafanyabiashara, wachimbaji waliofanikiwa na walowezi. Reli ilikuwa imeishia mbali, kwenye reli ya kati, hivyo mafuta ya ndege yalilazimika kuja Mbeya kwa lori, katika barabara ambayo masika iligeuka tope. Mwafrika wa Usafwa au Uhehe alikutana na ndege kama mpakuzi, mfyekaji wa uwanja au mtazamaji. Kwa hiyo tunaposema Mbeya ilipoteza ndege, lazima tuulize pia ni Mbeya ipi iliyokuwa nayo.

Uamuzi wa kuiacha ulifanyika Uingereza. Desemba 1934 serikali ilitangaza mpango wa kusafirisha barua zote za daraja la kwanza ndani ya himaya kwa ndege, bila ada ya ziada. Barua zote hizo zilihitaji ndege kubwa kuliko Atalanta, na ndege kubwa ilihitaji viwanja virefu na vigumu kuanzia Misri hadi Afrika Kusini, India hadi Australia. Kujenga viwanja hivyo vyote kungekula fedha na miaka. Imperial Airways wakachagua njia ya mkato: ndege zinazotua majini. Bahari, maziwa na mito tayari vilikuwapo, havihitaji lami. Mwaka 1935 waliagiza ndege 28 za aina ya Short Empire, kabla hata ya moja kuruka. Kila moja ilikuwa na injini nne, nafasi ya abiria 24 na tani moja na nusu ya barua, na ilikwenda zaidi ya kilometa 260 kwa saa.

Huduma mpya ya kwenda Afrika Kusini ilianza tarehe 29 Juni 1937. Kutoka Kisumu ndege sasa iligeukia mashariki: Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, Msumbiji, Beira, Lourenço Marques, na mwisho Durban badala ya Cape Town. Tazama kilichotokea kwenye ramani. Moshi ilitoka. Dodoma ilitoka. Mbeya ilitoka. Lindi, mji wa pwani ambao jana haukuwamo, ukaingia kwa sababu moja tu: una ghuba ya maji yaliyotulia. Mwaka 1932 Mbeya ilichaguliwa kwa sababu ya tangi la mafuta. Mwaka 1937 iliachwa kwa sababu haikuwa na maji ya kutosha kutua.

Mtu anaweza kusema hilo ni tukio dogo katika historia ya himaya kubwa, na ni kweli. Lakini ndani ya tukio hilo kuna somo. Ndege mpya ilikuwa bora kwa kila kipimo ambacho shirika lilikitumia. Ilikuwa na kasi, ilibeba zaidi, na ilipunguza gharama ya barua. Hakuna aliyekosea hesabu. Ila kipimo cha "je, mji huu utabaki na nini?" hakikuwamo kwenye karatasi ya hesabu, na kisichoandikwa kwenye karatasi hakihesabiwi.

Pengo la Mbeya lilizibwa na shirika dogo la jirani. Wilson Airways lilianzishwa Nairobi mwaka 1929 na Florence Kerr Wilson, mwanamke aliyeamini kwamba Afrika Mashariki inahitaji ndege zake yenyewe, hata kama ni ndogo. Njia kuu ilipohamia pwani, Wilson Airways walichukua kazi ya kuunganisha miji ya bara: kutoka Kisumu na Nairobi kupitia Moshi, Dodoma, Mbeya na Mpika hadi Lusaka. Ndege zao ndogo za de Havilland zilijengwa kwa mbao na kitambaa. Mbeya ikashuka daraja, kutoka kituo cha njia kuu ya dunia hadi kituo cha tawi. Lakini haikukatika. Vita vilipoanza mwaka 1939 ndege za Wilson na marubani wake walichukuliwa na jeshi, na mwaka 1940 shirika likafungwa.

Baada ya vita mambo yaligeuka tena, na safari hii ndege za majini ndizo zilizoachwa. Vita vilikuwa vimejenga viwanja vya lami dunia nzima, na sababu ya kutua majini ikaisha. BOAC, mrithi wa Imperial Airways, walistaafisha ndege zao za mwisho za majini mwaka 1950, wakarudi nchi kavu. Je, Mbeya ilirudishiwa njia yake? Hapana. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya jeti ya Comet ilianza kuruka kutoka London hadi Johannesburg, na baada ya Entebbe ilitua Livingstone. Kipande kilichokuwa na vituo saba au nane sasa kilirukwa kwa pumzi moja. Mara ya kwanza Mbeya iliachwa kwa kukosa maji. Mara ya pili iliachwa kwa sababu hakuna tena aliyehitaji kupumzika njiani.

Tangu hapo Mbeya na Iringa hazikuwa tena miji ya kupitia. Zikawa miji ya kwendea, na hilo ni jambo tofauti kabisa. Mji wa kupitia unalishwa na safari za wengine. Mji wa kwendea unapata ndege tu kama una abiria wake na mzigo wake. Shirika la East African Airways lilianza mwaka 1946 na Dragon Rapide sita, likaja kununua Dakota, na mwaka 1962 likaleta Fokker Friendship. Kila hatua ilikuwa ndege kubwa zaidi, yenye viti vingi zaidi vya kujazwa na masharti makali zaidi ya uwanja. Ndege yenye viti sita inaweza kutua kila mji wenye duka na mkuu wa wilaya. Ndege yenye viti arobaini lazima ichague.

Kisha ikaja barabara ya kwenda Zambia, na baada yake reli ya TAZARA, iliyokamilika mwaka 1975 na kupita Mbeya katika safari yake ya kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Iringa haikuipata reli hiyo, lakini barabara iliipata. Mtu wa kawaida hatimaye akawa na njia ya kusafiri anayoimudu. East African Airways ilivunjika mapema 1977, na Machi mwaka huo Tanzania ikaunda Shirika lake la Ndege. Kwa watu wengi wa Nyanda za Juu, kusafiri kukawa na maana ya basi: kuondoka alfajiri, kupanda au kushuka Kitonga, na kufika umechoka.

Uwanja wa zamani wa Mbeya ulibaki katikati ya mji, juu mno na umebanwa na nyumba na milima. Jibu likawa kujenga kwingine. Uwanja wa Songwe ulifunguliwa Desemba 2012, kilometa zaidi ya 20 kutoka mjini, kwenye mwinuko wa mita 1,345. Ukilinganisha na uwanja wa zamani, umeshuka zaidi ya mita 350, na una njia ya kurukia yenye urefu wa zaidi ya kilometa 3. Wahandisi walifanya kinyume cha walichofanya Armstrong Whitworth mwaka 1932. Wakati ule ndege ilibadilishwa ili iendane na uwanja. Safari hii uwanja ulihamishwa ili uendane na ndege.

Mwaka 2013 Fastjet wakaanza kutua Songwe kwa Airbus A319 yenye viti 156. Nauli zilishuka, na wengi walipanda ndege kwa mara ya kwanza. Lakini viti 156 ni vingi kuvijaza, na mwaka 2016 Fastjet wakaanza kuziondoa Airbus na kuleta Embraer zenye viti 104. Mwishoni mwa 2018 shirika likaacha kuruka Tanzania. Wakati huohuo Air Tanzania ilikuwa inafufuka: ndege mbili za Q400 zenye viti 76 ziliwasili Septemba 2016, na ya kwanza ya Airbus A220, yenye viti 132, ikaja Desemba 2018. A220 ni jeti inayopenda uwanja kama Songwe. Lakini mwishoni mwa 2022 matatizo ya injini, yaliyoyakumba mashirika mengi duniani yenye ndege za aina hiyo, yaliilazimu Air Tanzania kuziegesha baadhi. Abiria wa kusini wakajifunza upya kwamba ratiba yao inategemea kiwanda kilicho bara jingine.

Iringa iliendelea kuwa kwenye foleni yake. Uwanja wa Nduli, kwenye mwinuko wa mita 1,400 na ushei, kwa miaka mingi ulikuwa wa changarawe, na ndege zilizoufaa zilikuwa kama Cessna Caravan, zenye injini moja na viti vichache. Katika miaka hii ya 2020 serikali imeujenga upya kwa lami ili upokee ndege za ukubwa wa Q400. Hatua hiyo inastahili kusifiwa, mradi tusisahau kwamba lami inafungua mlango tu. Haimwiti mtu kuingia.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kila ndege mpya inayotua Songwe au Nduli inapokelewa hivyo, kwa ngoma, hotuba na kumwagiwa maji. Historia inatuambia tumuulize mgeni huyo maswali mapema. Ndege hii inahitaji abiria wangapi ili isilete hasara? Ikiondolewa, ipo ndogo zaidi itakayochukua nafasi yake, kama Wilson Airways walivyofanya, au tutarudi Kitonga? Na je, tuna mzigo wa kuifanya irudi? Parachichi za Rungwe na Njombe zinauzwa nje ya nchi, na zinaharibika zikichelewa barabarani. Mzigo kama huo, ukipata vyumba vya baridi na ratiba ya kuaminika, unaweza kuufanya uwanja uhitajike bila kujali ni ndege ya aina gani inayotumika mwaka huo.

Mwaka 1937 Mbeya haikuwa na la kufanya. Haikuwa na bahari, wala sauti katika ofisi za London. Leo uamuzi mwingi unafanyika Dar es Salaam na Dodoma, na wanaoufanya wanaweza kuulizwa. Shirika litabadilisha ndege tena, hilo halina shaka. Siku likitangaza viti, kasi na rangi za ndege mpya, wa Mbeya na wa Iringa waombe kwanza kuona orodha ya viwanja ambavyo ndege hiyo haiwezi kutua.